Vitu Kidogo Tu, Bwana Karani

Papa Sebahire alilima maharagwe na mihogo kwenye mlima wa Nyabiondo, palepale alipolima baba yake. Alikuwa mtu wa adabu sana. Ukimuuliza kama maharagwe yametoka vizuri, alijibu kwamba wamepata ya kula tu, hivi hivi. Wakati huohuo ghala nyuma ya nyumba lilikuwa limejaa mpaka mlango haufungiki. Ukimsifia mbuzi wake, alisema mbuzi huyo ni mgonjwa. Mbuzi mwenyewe alikuwa mnene hata kutembea kwake kulikuwa taabu.

Usimcheke. Milimani kote watu walikuwa hivyo. Mtu aliyetaja mali yake kwa sauti aliitwa mwenye majivuno, tena ilihofiwa kwamba atajiletea jicho la wivu. Kupunguza ndiyo ilikuwa heshima. Mukagasana, mke wa Sebahire, alifanya vilevile, na majirani wote pia. Kila mmoja alijua kwamba mtu akisema "tuko na kidogo tu" anashukuru kwa alicho nacho. Hakuna aliyedanganyika, kwa sababu wote walikuwa watu wa hapo.

Mwaka wa 1957 Damascène, mtoto wa Sebahire na Mukagasana, alikubaliwa kwenda kusoma chuo kikuu. Chuo kilikuwa mbali kabisa, siku nyingi kwa kamyo, lori la mizigo na watu, na nyingine nyingi kwa meli ya mtoni. Kijiji kizima kilifurahi. Watu wakaona aibu kumtuma kijana wao kwa wageni mikono mitupu, basi kila nyumba ikatoa kitu. Benoît, seremala, alitengeneza sanduku la mbao nzito lenye kufuli. Wengine walitoa mashati, viatu, taa na shuka. Pierre, katekista wa kijiji, alitoa kamusi yake ya Kifaransa.

Mama Libérata alitoa koti. Alikuwa mjane, na koti lilikuwa la marehemu mume wake, Karangwa. Karangwa alirudi nalo kutoka vitani, akalivaa mara chache tu, siku za sikukuu. Lilikuwa la sufu, zito, na vifungo vyake vyote vilikuwepo. Libérata alilianika juani siku mbili, akalikunja, akalileta mwenyewe. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba kule mbali labda kuna baridi.

Katika barua ya chuo kulikuwa na mstari mmoja ambao Pierre aliusoma mara mbili. Chuo kilisema kwamba hakilipi vitu vya mwanafunzi vikiibwa au vikiungua. Kwa hiyo kiliwashauri wazazi wakate bima. Pierre alieleza kwamba bima ndiyo ile watu wa mjini wanaita asiransi. Unalipa pesa kidogo kwa kampuni, na vitu vikipotea kampuni inakurudishia thamani yake. Alisikia kwamba kule Walikale, kwenye biro, ofisi ya kamyo, kuna karani anayeandika mambo hayo.

Sebahire na Damascène walifunga safari kwa miguu. Walishuka milima, wakaingia msituni, wakalala Ntoto, na siku ya nne wakafika Walikale. Vijana wawili wa kijiji walibeba sanduku kwa mti mabegani. Kamyo ya kwenda Stanleyville, kwenye meli, ilikuwa tayari inapakia. Damascène alikimbilia kusimamia sanduku lake lisitupwe ovyo. Sebahire akaingia biro peke yake.

Karani aliitwa Séraphin. Alikuwa kijana kutoka Kindu, mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na miezi miwili tu Walikale. Mbele ya meza yake walisimama wafanyabiashara saba au wanane, nao wote walikuwa wanasikia. Séraphin alichukua karatasi, akauliza ndani ya sanduku kuna nini.

Sebahire aliona masikio yote yale. Angewezaje kusimama mbele ya watu asiowajua na kuanza kuhesabu mashati ya mtoto wake kama mtu anayejigamba? Alicheka kidogo, akainamisha kichwa.

"Ni vitu kidogo tu, Bwana Karani. Nguo kuukuu za maskini. Haiko na bei."

Séraphin alimuuliza tena kama hakuna kitu cha thamani. Sebahire alirudia maneno yaleyale, kwa upole zaidi. Basi Séraphin akaandika kama alivyoambiwa, akaweka thamani ndogo kabisa iliyoruhusiwa. Sebahire alilipa, akatia alama ya kidole gumba. Alitoka akiwa ameridhika kabisa, kwa sababu aliona amejiheshimu. Damascène aliitia karatasi ya bima ndani ya sanduku bila kuisoma, kwa kuwa dereva alikuwa tayari anapiga honi.

Miezi mitano ikapita. Mwezi wa pili wa mwaka 1958, mwanafunzi mmoja wa chumba cha jirani aliacha pasi ya umeme juu ya shuka, akaenda darasani. Mabweni yaliungua upande mmoja. Hakuna mtu aliyeumia, tunashukuru. Lakini sanduku la Damascène liliteketea na kila kilichokuwa ndani, hata karatasi ya bima yenyewe. Kijana alibaki na nguo alizovaa.

Barua mbili zilifika Nyabiondo siku moja, moja ya Damascène na moja ya kampuni ya bima. Sebahire hakujua kusoma. Desturi ya kijiji ilikuwa kwamba barua zote zinasomwa Dominika baada ya sala, mbele ya mlango wa kanisa, na Pierre ndiye msomaji. Habari za kijana yule zilikuwa za wote, kwa hiyo watu wote walibaki.

Pierre alisoma ya Damascène kwanza. Wanawake walishika vichwa. Lakini Sebahire alisimama akawatuliza. Aliwaambia wasilie, maana alikata asiransi, na kampuni italipa kila kitu walichotoa. Watu walimwangalia kwa heshima. Libérata, aliyekuwa ameketi mbele juu ya mkeka, alifuta macho akainamisha kichwa kumshukuru.

Kisha Pierre akafungua ya kampuni. Ilikuwa kwa Kifaransa, naye alikuwa akiigeuza kwa Kiswahili huku anasoma, sentensi kwa sentensi, bila kujua kinachofuata. Kampuni ilisema kwamba imepata habari za moto. Ilisema kwamba inalipa kulingana na maneno ya baba wa mwanafunzi. Na maneno hayo iliyaandika kama yalivyokuwa kwenye kitabu chake: sanduku moja, ndani yake nguo kuukuu za maskini, zisizo na bei. Malipo, faranga mia na hamsini.

Pierre alinyamaza, lakini alikuwa amekwisha kusoma. Benoît aliangalia mikono yake. Mukagasana alijifunika uso kwa kitenge. Sebahire alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kusema kwamba ilikuwa adabu tu, kwamba wao wote wanasema hivyo, lakini Pierre alikuwa tayari anakunja barua.

Libérata aliinuka polepole. Alikunja mkeka wake.

"Papa Sebahire, koti ya Karangwa, njo ile uliita kuukuu?" alisema. "Mbele ya bantu wa Walikale?"

Hakungoja jibu. Alishuka njia ya nyumbani kwake, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja.

Siku zile Sebahire alionja aibu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alikwenda shambani kabla watu hawajaamka, akapita kwenye majani marefu ili asikutane na mtu. Dominika mbili hakwenda kusali. Alijiona mtu aliyepokea kwa mikono miwili, kisha akatema juu ya alichopewa. Mukagasana hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Tena kulikuwa na ile barua ya mtoto. Damascène aliandika kwamba anavaa shati la kuazima. Anaona haya kuingia darasani akiwa hana daftari wala kitabu. Kama hakuna msaada mpaka mwisho wa mwezi wa nne, atarudi nyumbani kulima.

Sebahire akapiga moyo konde, akarudi Walikale. Alitaka kumgombeza karani. Njia nzima alitunga maneno makali. Lakini alipofika mbele ya meza ile, Séraphin alimtambua mara moja, akamletea kiti, akampa pole. Sebahire akaketi, na maneno yake makali yakamwishia.

Alieleza kila kitu. Alieleza kwamba kwao mtu hataji mali yake. Séraphin alisikiliza mpaka mwisho, naye uso ukamshuka.

"Papa, mi natoka Kindu," alisema. "Kwetu muntu akisema haiko na kitu, haiko na kitu. Nilikuuliza mara mbili. Nilizania unasema kweli. Lakini ningekuuliza kitu kimoja kimoja. Hata mi nilikosa."

Sebahire aliuliza kama karatasi inaweza kubadilishwa. Séraphin alitikisa kichwa. Kampuni haimjui Sebahire, haijui koti wala kamusi. Inajua karatasi peke yake. Kitu kilichotajwa kinalipwa kwa bei iliyotajwa, na kitu kisichotajwa ni kama hakikuwepo. Baada ya moto hakuna kuongeza.

Kisha akamfundisha, polepole, huku akihesabu kwa vidole vya Sebahire mwenyewe ili ayakumbuke mambo hayo. Andika kila kitu kwa jina lake, na idadi yake. Sema kama ni kipya ama kimetumika, maana kilichotumika kinalipwa kama kilichotumika. Sema bei ya kweli, na kama kuna risiti ya duka, itunze. Kitu cha kuazima kitaje pia, na useme ni cha nani. Orodha iwe mbili, moja ibaki nyumbani kwa wazazi, kwa sababu orodha iliyo ndani ya sanduku inaungua pamoja na sanduku. Na kitu kikipotea, mwanafunzi atoe habari upesi kwa mkubwa wa chuo, apewe karatasi ya ushahidi.

Sebahire aliuliza, nusu kwa hasira, kama basi atangaze pia ng'ombe na baiskeli wasizo nazo. Séraphin hakucheka. Alimwambia kwamba kuongeza ni kubaya kuliko kupunguza. Kampuni ina watu wa kuchunguza, na ikikuta umedanganya haitoi hata faranga moja, hata kwa vitu vya kweli.

"Kutaja bei si majivuno, Papa," alisema. "Majivuno ni kusema kile haiko."

Sebahire alirudi Nyabiondo na neno hilo. Lilikuwa rahisi kulisikia. Kulifanya ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu sasa ilimbidi aende tena mlango kwa mlango kuomba vitu kutoka kwa watu walewale.

Alianza kwa Benoît. Alisema kosa lake bila kulizungusha. Benoît aliendelea kuranda ubao kwa muda, kisha akasema kwamba ana mbao zilizobaki, lakini misumari Sebahire anunue mwenyewe. Nyumba nyingine zilitoa, na baadhi zilinung'unika kwanza. Mukagasana aliuza mbuzi yule mnene ili kununua shuka na madaftari, na safari hii hakuna aliyesema ni mgonjwa.

Kwa Libérata alikwenda mwisho. Alimkuta anachambua maharagwe. Hakumkaribisha kiti. Sebahire alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaomba radhi. Libérata hakuinua macho.

"Mi haiko tena na kitu ya kukupa," alisema. "Ile nilikuwa nayo uliisha kuipa jina."

Sebahire alishukuru, akatoka, akalia njiani, mtu mzima yule, na mvua ikamnyeshea.

Siku ya kufunga sanduku, Pierre aliketi mbele ya kanisa na karatasi mbili na kalamu. Kila aliyetoa kitu alisimama akakitaja yeye mwenyewe, na bei yake, na Pierre akaandika mara mbili. Watu waliona haya sana. Wengine walinong'ona. Mama mmoja alitaja bei ya mashati akiwa ametazama mlimani, kana kwamba anaungama dhambi. Sebahire aliketi karibu, akarudia kila neno ili alishike kichwani. Orodha moja ilitiwa katika kopo la bati, Mukagasana akaliweka juu ya dari.

Kule Walikale biro ilikuwa imejaa tena. Séraphin alichukua karatasi mpya, akauliza sanduku lina nini, akangoja. Sebahire akaanza. Shuka mbili, mpya, bei fulani. Mashati matatu, mawili mapya na moja limetumika, bei fulani. Mfanyabiashara mmoja nyuma yake alicheka, akauliza mkulima huyu anajigamba kwa nani. Masikio ya Sebahire yaliwaka moto. Aliendelea mpaka kitu cha mwisho. Hakuruka hata kalamu ya risasi.

Séraphin alisoma yote kwa sauti, naye Sebahire akakubali. Pesa ya kulipia bima ilikuwa kubwa kidogo kuliko mara ya kwanza, kama bei ya kuku wawili. Kabla hajatia kidole, Sebahire alisema kuna kitu kingine. Koti la sufu, zito, vifungo vyote vipo, la marehemu Karangwa wa Nyabiondo. Séraphin alimwambia kwa upole kwamba kitu kilichoungua hakiandikwi.

"Najua," alisema Sebahire. "Usiandike. Mi niliisema mubaya hapa ndani. Nataka niiseme muzuri hapahapa."

Séraphin aliweka kalamu chini, akasikiliza.

Damascène alipata sanduku lake, lililotumwa kwa kamyo na meli, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Tayari alikuwa amefunga kifurushi chake kidogo cha kurudi nyumbani, akakifungua. Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, wezi walivunja dirisha la bweni, wakabeba karibu kila kitu. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mkubwa wa chuo akapata karatasi ya ushahidi, kisha akaandika nyumbani. Mukagasana alishusha kopo kutoka darini, Pierre akatuma nakala ya orodha. Haukupita muda mrefu kampuni ikalipa kitu kwa kitu, vipya kama vipya, vilivyotumika kama vilivyotumika. Damascène akanunua vingine na hakukosa hata wiki moja ya masomo.

Barua ya malipo hayo nayo ilisomwa Dominika mbele ya kanisa. Watu walifurahi. Libérata alisikia, akaenda zake. Tangu siku ya barua ile ya kwanza hakuwa amekanyaga kiwanja cha Sebahire.

Baadaye mwaka huohuo wa 1959 Céline, mtoto wa Libérata, alipata nafasi katika shule ya wauguzi, shule ya kulala. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya kilima, Mukagasana alimwona Libérata anapanda njia yao pamoja na Pierre, ambaye alikuwa amebeba kalamu na karatasi. Alimwita mumewe. Sebahire alitoka nje na mikono yenye udongo, asijue aiweke wapi.

Libérata aliketi alipoonyeshwa. Alisema kwamba Pierre anajua kuandika, lakini mwenye kujua mambo ya asiransi hapa kijijini ni mmoja, basi amekuja kwake. Alisema hivyo bila kutabasamu. Sebahire alijibu kwamba yuko tayari. Alimweleza yote, idadi, upya, bei ya kweli, orodha mbili. Libérata alisikiliza akiitikia. Pierre akaweka karatasi juu ya goti.

"Basi tuanze," alisema Sebahire. "Céline anabeba nini?"

Libérata aliangalia chini. Alicheka kidogo, akainamisha kichwa.

"Oh, Papa Sebahire. Ni vitu kidogo tu. Nguo za maskini..."

Mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika mdomo. Pierre hakuandika. Macho ya Libérata yakajaa machozi, kwa sababu sasa alijua jinsi maneno yale yanavyotoka yenyewe, bila mtu kumdharau mtu.

Kisha akashusha mkono, akamtazama Sebahire usoni.

"Andika, Pierre," alisema. "Blanketi moja. Ni mupya. Bei yake, faranga mia mbili na makumi nane."